Baraza la mafuta Turkana: kuitwa na kuulizwa ni vitu viwili

MwanaKerio (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili nimelibeba kifuani muda mrefu.

Naishi Lodwar, lakini kwetu hasa ni upande wa Lokori, karibu na mto Kerio. Tangu Machi 2012, Rais Kibaki alipotangaza kwamba kisima cha Ngamia-1 kimepata mafuta, watu wa kwetu wameitwa barazani mpaka wamezoea. Gari linakuja, chifu anapeleka habari, watu wanakusanyika, wanaelezwa, wanapiga makofi, wanarudi kwao. Nataka tuzungumze juu ya hilo. Mtu aliyeitwa barazani bado hajaulizwa kitu, na kwenye kanuni za mafuta tofauti hiyo inaamua nani atapata nini kwa miaka 25 au 30 ijayo.

Miaka kadhaa iliyopita nilichukuliwa siku mbili kuwa mkalimani. Timu ilikuja kukusanya maoni juu ya rasimu ya kanuni: fungu la jamii lisimamiwe vipi, wadhamini wachaguliwe vipi. Timu ilikuwa ya nani sitasema. Rasimu nilikabidhiwa saa 2 usiku, baraza ni kesho yake saa 4 asubuhi. Kurasa zaidi ya 40, Kiingereza cha mawakili mwanzo hadi mwisho. Nilikesha nayo kwa tochi ya simu.

Neno lililonitoa jasho ni "faida". Sheria ya Petroli ya 2019 inasema jamii itapata 5% ya fungu la serikali katika faida. Asubuhi, chini ya mgunga kando ya laga (mto mkavu wa msimu), nikaona nitumie mbuzi: mbuzi jike ndiye mtaji, wanaozaliwa ndio faida. Wazee wakaafiki. Kisha mmoja wao, ameketi juu ya kigoda chake, akauliza: "Hao wanaozaliwa, nani anawahesabu kabla hatujaitwa kugawana?"

Mzee yule hajui kusoma, lakini alikuwa ameshafika kwenye kiini cha mkataba. Mafuta yakianza kutoka, mwekezaji kwanza anajirudishia gharama zake. Kinachobaki ndicho kinaitwa faida. Hiyo anagawana na serikali. Na lile fungu la serikali ndilo linalokatwa tena: 75% serikali kuu, 20% kaunti, 5% jamii. Yaani 5% yetu iko mwisho kabisa wa foleni, na ukubwa wake unaamuliwa na yule anayekagua gharama huko mbele. Nikamtafsiria kiongozi wa timu. Akajibu, "Hilo ni suala la kitaalamu, litashughulikiwa." Nikalitafsiri na hilo. Mzee akanyamaza.

Ilikuwa kiangazi. Vijana na wanaume wengi walikuwa mbali na mifugo, wengine wakielekea bonde la Suguta. Waliobaki ni wakongwe, akina mama, watoto na wenye maduka. Fomu ya mahudhurio ikapitishwa: jina, namba ya kitambulisho, sahihi. Asiyejua kuandika alibonyeza kidole gumba kwenye wino wa zambarau. Mama mmoja mtu mzima alibonyeza, akaufutia wino kwenye shuka yake haukutoka, akaniuliza pembeni: "Mwanangu, nimekubali nini?"

Nikamwambia, "Hujakubali kitu, mama. Umeandika tu kwamba ulikuja."

Nilimdanganya bila kujua. Miezi baadaye nilionyeshwa ripoti. Zile fomu zilikuwa nyuma, zimebandikwa kama viambatisho, na mbele yake imeandikwa kwamba jamii imeshauriwa na inaunga mkono rasimu. Swali la mzee juu ya hesabu ya wanambuzi halimo. Na swali la yule mama nalo halimo. Kabla ya kuondoka alisimama akauliza jambo lingine, na hilo ndilo limenifanya nifungue uzi huu. Aliuliza: "Mvua ikininyima hapa nikahama na mbuzi wangu, nikirudi nitakuwa bado jamii?"

Watu walicheka kidogo. Lakini someni sheria. Inaitafsiri jamii ya mahali kuwa ni watu wanaoishi ndani ya kaunti ndogo ambamo mafuta yanachimbwa na wanaoathirika na uchimbaji huo. Kaunti ndogo! Huo ni mpaka wa kiutawala. Lokichar iko Turkana Kusini, Ngamia iko Turkana Mashariki, na Wangisonyoka, Waturkana wanaolisha kule, hawajawahi kuuona huo mstari. Mfugaji yuleyule msimu huu yuko upande huu, msimu ujao yuko ule, mwaka wa njaa yuko nje ya pande zote mbili. Malisho aliyozungushiwa uzio ni yake. Mzee wake amezikwa hapo. Lakini kwenye karatasi uanajamii wake unategemea alipolala usiku.

Hakuna aliyetuuliza neno "jamii" lina maana gani kwetu, nasi tuna majibu. Adakar ni jamii: zile familia zinazohama pamoja na kulindana. Kiongozi wa adakar anawajua watu wake kwa majina, na mbuzi kwa rangi. Sasa kama kanuni za fungu la jamii zitaandikwa bila huyu mtu kuulizwa, tutapata bodi ya wadhamini ya watu wa mjini.

Na msiniambie kwamba 5% yenyewe ilitokana na sisi. Mswada wa awali ulikuwa na 10% ya jamii. Ikashuka hadi 5% katika maelewano ya Mei 2018 kati ya Rais Uhuru na Gavana Nanok wa Turkana. Mwezi uliofuata malori ya kwanza ya mafuta ghafi yalianza safari ya Mombasa, na kabla mwezi haujaisha wenyeji wakaziba barabara kudai usalama na ajira. Wapo waliowaita wakorofi. Mtu asiyeulizwa mezani atajibu barabarani, wakuu.

Naomba maoni yenu, hasa waliopitia haya kwingine.

Msafiri_Eastlands

Mkuu, pole na hongera kwa kuandika. Lakini niseme upande wa pili bila kukuvunjia heshima. Katiba yetu, Ibara ya 62, inaweka madini na mafuta yote kuwa ardhi ya umma chini ya serikali kuu kwa niaba ya Wakenya wote. Mimi kwetu ni Kitui, na ninayo haki katika hayo mafuta kama wewe. Tumepata mafuta 2012. Shehena ya kwanza, mapipa 200,000, imeondoka Mombasa Agosti 2019. Baada ya hapo? Kampuni za Africa Oil na Total zikajitoa 2023, mwenzao Tullow akauza 2025. Kila mwaka ni mashauriano. Nchi ina madeni, vijana hawana kazi. Tutashauriana mpaka dunia iache kutumia petroli?

MwanaKerio

Ndugu yangu wa Kitui, swali lako ni la haki, na silikwepi. Mafuta yaliyo chini ni ya taifa, nakubali kabisa. Lakini nyasi zilizo juu ni za jamii, Katiba hiyohiyo, Ibara ya 63. Huwezi kufikia ya chini bila kupita ya juu. Ndiyo maana tunazungumza.

Kuhusu kuchelewa: jiulize nini hasa kilichelewesha. Bei ya dunia ilianguka 2014. Bomba la kwenda Lamu, zaidi ya kilomita 800, halijajengwa. Malori ya majaribio yalibeba mafuta kidogo tu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililosababishwa na mama mwenye mbuzi. Siku ambazo kazi ilisimama kwa sababu yetu, Oktoba 2013 na katikati ya 2018, zilikuwa siku za watu waliokosa pa kusemea.

Na umetaja kuuzwa. Kampuni ya Gulf Energy imenunua mali za Tullow za Kenya. Mwenye mradi amebadilika, lakini zile fomu za vidole gumba zinabaki kwenye faili. Mnunuzi anafungua faili, anaona "jamii ilishauriwa", anaendelea. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

BintiMkunguni

Assalaam aleikum jamaa. Mimi ni mtu wa Lamu, na hilo bomba mnalolizungumza mwisho wake ni kwetu. Kaka MwanaKerio, nimesoma habari ya kidole gumba nikaingiwa na baridi.

Sisi tulikuwa na mradi wa makaa ya mawe, megawati 1,050. Mikutano ilifanywa kweli, watu walikwenda, fomu zilijazwa. Lakini Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni, na sababu kubwa ni hiyohiyo unayoisema. Ile mikutano ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, kabla utafiti wa athari haujakamilika. Baada ya utafiti kutoka, wenye kuathirika hawakurudiwa waambiwe: haya ndiyo tuliyoyakuta, moshi utakwenda hivi, maji ya moto yataingia bahari hivi, nyinyi mwasemaje? Mtu hawezi kutoa maoni juu ya kitu ambacho bado hakijaandikwa.

Kwenu naona ni kinyume chake, kimeandikwa mpaka kikaisha ndipo mkaitwa. Matokeo ni mamoja.

Na kwa bandari nako: wavuvi zaidi ya 4,000 walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 ikaamuliwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kwetu wazee wanajua jina la kila mkondo na kila mwamba wa kuvulia. Nakuusia kaka, andikeni majina ya malisho yenu na visima vyenu sasa hivi, kwa lugha yenu, kabla mtu mwingine hajawapigia ramani.

Mpangani_wa_Tanga

Wakuu heshima yenu. Natokea Tanga, na Chongoleani ndiko linakoishia bomba la kutoka Hoima, Uganda. Kilomita 1,443, na nyingi zake, 1,147, ziko Tanzania.

Nilichojifunza huku ni hiki. Serikali yetu haitumii neno "watu wa asili". Msimamo wake ni kwamba Watanzania wote ni wa asili. Lakini bomba linapita kwa Wamaasai, Wabarbaig, Wataturu, na Waakie wa Kiteto ambao ni wachache sana na wanaishi kwa asali na kuwinda. Mradi ulijifunga kufuata kiwango cha saba cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC, la kundi la Benki ya Dunia), kinachodai ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa kamili. Kwa hiyo hayo makundi yakafuatwa yakaulizwa kwa utaratibu wa pekee.

Ni jambo jema. Lakini fikirini: Muakie ameulizwa kwa sababu kiwango cha watu wa mikopo kimesema aulizwe. Mradi mwingine usiohitaji mkopo wa aina hiyo ukija kesho, haki yake inakuwa imeondoka na benki. Hiyo si haki, ni sharti la mkopo. Nyinyi Kenya mna bahati kwamba yenu imo kwenye Katiba. Msiiachie.

Wakili_Kitale

Mpangani ameweka kidole penyewe. Naongeza kidogo upande wa sheria, kwa sababu nimeshughulika na ardhi za jamii kwa miaka.

Kenya haijaridhia Mkataba Na. 169 wa Shirika la Kazi Duniani, na lilipopigiwa kura Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili mwaka 2007 tulijizuia kupiga kura. Kwa hiyo wengi wanadhani hatuna pa kushika. Si kweli. Ibara ya 260 ya Katiba inawahesabu wafugaji wanaohamahama kuwa miongoni mwa jamii zilizotengwa. Ibara ya 10 inaufanya ushirikishwaji wa umma kuwa msingi wa utawala. Ibara ya 71 inataka mikataba ya rasilimali iridhiwe na Bunge, na Bunge nalo linabanwa na Ibara ya 118 kusikiliza watu. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha imewapa Waogiek ushindi dhidi ya Kenya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikaagiza walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157, na kuanzia hapo iwe lazima kushauriana nao kwa mila na desturi zao. Hilo la "kwa mila na desturi zao" ndilo jibu kwa habari ya adakar.

Lakini silaha kubwa kuliko zote ni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Ardhi ikishasajiliwa kwa jina la jamii, mkataba wa uwekezaji hauwi halali mpaka theluthi mbili za mkutano wa jamii waukubali. Hapo hamshauriwi tena, mnaamua. Ardhi isiposajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba yenu, na fidia nayo inapitia hukohuko. MwanaKerio, je, ya kwenu imesajiliwa?

Akai_wa_Lokichar

Samahani kuingilia wakili. Nami ni Mturkana, mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi. Kaka yangu MwanaKerio ameandika ukweli lakini kuna kipande amekipitia haraka.

Hata hiyo adakar ikiitwa, anayesema ni mwanamume. Chini ya mti wa wazee mwanamke hakai. Na kwa mafuta, jambo la kwanza kuharibika ni maji, na maji ni kazi yetu. Uchimbaji unahitaji maji mengi, mpango umekuwa kuyavuta kutoka Turkwel. Muulize mwanamume yeyote wa kwetu mtungi wa lita 20 unajaa kwa dakika ngapi kwenye shimo la laga mwezi wa pili. Hajui. Mimi najua kwa sababu wasichana wangu darasani wanachelewa kwa dakika hizohizo.

Kwa hiyo mashauriano mawili: moja chini ya mti, jingine kisimani. Wakalimani wanawake wawepo. Tena yule mama aliyeuliza kama atakuwa bado jamii, angalia, aliuliza akiwa ameshasimama kuondoka. Ndivyo tunavyopata nafasi ya kusema.

Msafiri_Eastlands

Mwalimu, umenigusa. Narudisha nusu ya niliyosema. Haraka bado ninayo, lakini naona sasa kwamba haraka yenyewe ndiyo imetuchelewesha.

Mtu_wa_Bunia

Salamu kutoka Ituri. Kwetu Kongo, Julai 2022 serikali ilitoa sheria ya kulinda haki za watu wa asili, Wambuti na wenzao wa msituni. Mwezi huohuo wa saba ikaweka mnadani vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, vingine ndani ya misitu wanamoishi haohao. Sheria na mnada ndani ya mwezi mmoja, na wa msituni wengi hawakusikia habari ya yoyote kati ya hivyo viwili. Vitalu vya mafuta vilikuja kufutwa Oktoba 2024, na mwaka uliofuata vikatangazwa vingine. Mshike sana hilo la wakili, la kusajili. Sisi hatuna karatasi.

MwanaKerio

Nimewasoma wote, na baadhi nimewasoma mara mbili.

Wakili, kwetu haijasajiliwa. Tatizo la kwanza ni hilohilo: fomu ya usajili inataka orodha ya wanajamii, na orodha inataka kujua nani ni jamii. Tumeanza na majina kwa adakar badala ya kijiji. Ni kazi ya polepole kwa sababu lazima umfuate mtu alipo na mifugo.

Akai, dada yangu, umenisahihisha na nakushukuru. Nilikuwa na siku mbili za ukalimani na sikufika kisimani hata mara moja. Ukikubali nitakutafuta hapo Lokichar, tufanye kazi ya tafsiri pamoja. Kipande cha mbuzi na wanambuzi kinaeleweka kwa wanaume. Akina mama nadhani wataelewa upesi zaidi ukieleza kwa maziwa: nani anakamua, nani anapima, nani anapewa kilichobaki kwenye kibuyu.

Bi Mkunguni, majina ya malisho tumeanza kuyaandika. Tuna zaidi ya 60 kutoka Kochodin hadi Kerio, na wazee wanatusahihisha kila tukiwasomea.

Kwa anayetaka kutuma maoni pindi kanuni zitakapoletwa tena, hiki ndicho nitakachoandika mimi, mchukue mkitaka. Moja, rasimu itolewe kwa Kiturkana, kwa sauti, iwekwe redioni na kwenye simu, angalau miezi mitatu kabla ya baraza. Mbili, baraza lifanywe wakati wa mvua, mifugo ikiwa imerudi. Tatu, fomu ya mahudhurio iandikwe juu yake, kwa lugha ya anayesaini: nimehudhuria, sijakubali. Nne, kila swali lililoulizwa liandikwe na jibu lake, na timu irudi kulisoma palepale lilipoulizwa.

Na jamii iwe ni wale wanaolisha na kunywesha mifugo hapo, hata kama usiku wa kuhesabiwa wamelala kwingine.

BintiMkunguni

Kaka, yule mama alipata kujibiwa?

MwanaKerio

Bado. Nilimkuta Lokori mwaka jana, mbuzi wamepungua lakini mzima wa afya. Hakunisalimu kwanza. Alininyooshea kidole gumba.